Ritani Umeshapeleka, Deni Je? Mwongozo Kamili wa Kumaliza Hesabu ya Ushuru wa Mapato Kenya

Kila mwaka, usiku wa tarehe 30 Juni, saiba ninayofanyia kazi hapa Mombasa hufungwa saa sita badala ya saa mbili. Foleni hufika nje kwa muuza kahawa. Kila mtu na P9 yake mkononi, ile hati ya mwajiri yenye mshahara na makato ya mwaka; huyu kasahau nywila, yule hajui hata barua pepe aliyosajilia PIN, namba yake ya mlipa ushuru, na iTax, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), nayo siku hiyo hutambaa kama kobe. Ritani ikikubalika, hati ya kupokelewa inachapishwa, mteja anaikunja, anaitia mfukoni na kuaga: "Haya, mimi na KRA basi, hadi mwakani."

Wengi huwa kweli wamemaliza. Lakini wapo wanaorudi Septemba au Oktoba wakiwa na ujumbe kwenye simu kwamba wanadaiwa, tena kiasi kikubwa kuliko kile walichokiona usiku ule. Hawakusoma ile hati vizuri. Haisemi kwamba umelipa. Inasema tu kwamba umejipigia hesabu mwenyewe na hesabu hiyo imepokelewa. Ritani ni kauli yako. Malipo ni jambo jingine. Na leja, yaani daftari la KRA lenye PIN yako, ndiyo inayoamua kama kauli na pesa vimekutana. Ninachoeleza hapa ni hicho kipande cha njia kati ya ritani na leja, ambacho hakuna anayetaka kukisikia saa nne za usiku.

Mifano yote ni ya mtu binafsi mkaazi wa Kenya, kwa mapato ya mwaka 2025.

Tarehe mbili, si moja

Kila mtu anaijua 30 Juni. Ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya mwaka uliotangulia. Ambayo haitangazwi kwa kelele ni 30 Aprili. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kulipa salio la ushuru wa mwaka huohuo.

Rudia kuisoma, maana ndipo watu wanapoteleza. Malipo yanatangulia ritani kwa miezi miwili. Ukikaa hadi Juni ndipo ujaze, ndipo ugundue una salio, ndipo ulipe siku hiyohiyo, ritani yako imefika kwa wakati lakini pesa zimechelewa. Adhabu zake ni tofauti:

- Kuchelewa kulipa: faini ya asilimia 5 ya ushuru ambao haujalipwa, pamoja na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi.
- Kuchelewa kuwasilisha ritani: kwa mtu binafsi ni asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa au shilingi 2,000, itakayokuwa kubwa.

Hayo maneno "sehemu ya mwezi" si mapambo. Ukilipa tarehe 2 Juni, Mei imehesabiwa nzima na Juni imehesabiwa nzima, ingawa Juni umeitumia siku mbili tu. Cha kushukuru ni kwamba riba hiyo haizalishi riba nyingine, na sheria inaizuia kupita deni lenyewe. Deni la shilingi 50,000 haliwezi kuzaa riba ya 60,000 hata ulisahau miaka kumi.

Mtu ambaye mapato yake yote ni mshahara mmoja na mwajiri amekata sawasawa PAYE, yaani ushuru wa kila mwezi kwenye mshahara, 30 Aprili haimhusu sana, kwa sababu salio lake ni sufuri au shilingi chache. Inawahusu wenye kazi mbili, wenye biashara pembeni, washauri wanaolipwa kwa mkataba, na wenye magari ya matatu.

Kwanza hakikisha salio ni la kweli

Salio likitokea, usikimbilie kulipa. Nusu ya madeni ninayoletewa kwenye meza yangu si madeni. Ni makosa ya kujaza, na mtu akishayalipa huanza safari ndefu ya kuzirudisha pesa ambazo hakudaiwa.

Kosa la kwanza kwa wingi: mtu ameandika mshahara wote, kisha akasahau ukurasa wa kuandika PAYE iliyokatwa. Mfumo unaona mapato bila makato, unampa deni la mwaka mzima. Mwalimu mmoja alinijia akitetemeka na deni la shilingi laki moja na ushee. Tulipofungua ritani, sehemu ya PAYE ilikuwa tupu kabisa. Hakuwa na deni hata la senti.

La pili: nafuu ya mtu binafsi, yaani kiasi unachopunguziwa kwenye ushuru wako. Ni shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Mtu anaiangalia hati ya mshahara ya Desemba, anaandika 2,400. Hapo amejiongezea deni la 26,400 kwa mkono wake mwenyewe.

La tatu ni kuchanganya mshahara ghafi na mshahara unaotozwa ushuru. Mchango wa pensheni, kwa mfano, hutolewa kwanza kabla ushuru haujapigwa, hadi shilingi 30,000 kwa mwezi. Tangu mwisho wa Desemba 2024, mchango wa bima ya afya ya SHIF na ule wa nyumba za bei nafuu nao hutolewa kabla ya ushuru. P9 nzuri inaonyesha yote hayo safu kwa safu. Fuata safu, usifuate kumbukumbu.

Ukigundua kosa baada ya kutuma, unaruhusiwa kuwasilisha ritani ya marekebisho kwenye iTax ndani ya miaka mitano. Ritani ya marekebisho hujazwa yote upya kama ya kwanza. Hubadilishi mstari mmoja ukaacha mingine wazi, maana mstari ulioachwa wazi utasomwa kama sufuri. Kisha subiri leja ibadilike kabla ya kufanya jingine lolote.

Salio la kweli hutoka wapi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu asiyeelewa hili hulaumu KRA kwa jambo ambalo limefanywa na kalkuleta tu.

Viwango vya ushuru kwa mwaka ni hivi: shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10; 100,000 zinazofuata asilimia 25; 5,612,000 zinazofuata asilimia 30; kisha 3,600,000 kwa asilimia 32.5, na zinazozidi hapo asilimia 35. Baada ya hapo unaondoa nafuu ya 28,800. Ngazi hizo umepewa mara moja kwa mwaka, wewe kama mtu. Hukupewa kwa kila mwajiri.

Chukua mtu anayefundisha kwenye chuo mchana na jioni ana kazi ya pili. Kazi ya kwanza mshahara unaotozwa ushuru ni shilingi 720,000 kwa mwaka, ya pili ni 360,000.

Mwajiri wa kwanza anapiga: 28,800, jumlisha 25,000, jumlisha asilimia 30 ya 332,000 ambayo ni 99,600. Jumla 153,400. Toa nafuu, inabaki 124,600.

Mwajiri wa pili, asijue kama kuna wa kwanza, anapiga kana kwamba ndiye peke yake: 28,800, jumlisha asilimia 25 ya 72,000 ambayo ni 18,000. Jumla 46,800. Toa nafuu, inabaki 18,000.

Wote wawili kwa jumla wamekata 142,600. Sasa iTax inakusanya mapato pamoja, 1,080,000, inapanda ngazi mara moja: 28,800, na 25,000, na asilimia 30 ya 692,000 ambayo ni 207,600. Jumla 261,400. Toa nafuu moja, ushuru halali ni 232,600.

Toa 142,600 zilizokatwa. Salio ni shilingi 90,000.

Hakuna aliyemwibia. Zile 360,000 za kazi ya pili zilipaswa kutozwa asilimia 30 zote, yaani 108,000, kwa kuwa ngazi za chini zilikwisha tumika kwenye kazi ya kwanza. Zimetozwa 18,000 tu. Dawa yake ni kumwambia mwajiri wa pili mapema kwamba nafuu yako iko kwingine, ili akate inavyostahili. Inauma kila mwezi, lakini kidogo kidogo.

Sasa tuone kuchelewa kunavyouma. Huyu bwana alipaswa kulipa 30 Aprili 2026. Akilipa 15 Juni: 90,000, faini ya asilimia 5 ambayo ni 4,500, na riba ya miezi miwili ambayo ni 1,800. Jumla 96,300. Na ritani akiituma Julai, kuna asilimia 5 nyingine ya kuchelewa kuwasilisha. Shilingi elfu kumi na kitu zimekwenda bila sababu.

Anayepangisha nyumba za kuishi ana habari tofauti kidogo. Ushuru wa upangishaji ni asilimia 7.5 ya kodi anayokusanya, hulipwa kila mwezi ifikapo tarehe 20, na ukilipwa umekwisha. Mapato hayo hayarudi kuchanganywa na mshahara kwenye ngazi za juu. Nimeona mtu akiyajumlisha yote na kujitoza mara mbili.

Kulipa: hatua kwa hatua

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwa ushuru dawa hiyo ina masharti: uilipe kwenye chupa yake. Ukurasa wa iTax uko kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya vitufe nayaacha kama utakavyoyakuta.

Ingia iTax kwa PIN na nywila. Nenda "Payments", kisha "Payment Registration". Kwenye aina ya ushuru chagua "Income Tax", na chini yake chagua jukumu lako, ambalo kwa mkaazi binafsi huandikwa "Income Tax - Resident Individual".

Halafu inakuja aina ya malipo. Simama hapo uvute pumzi. Kama unalipa salio lililotoka kwenye ritani yako mwenyewe, ni "Self Assessment Tax". Kama ni awamu ya kulipa mapema ushuru wa mwaka unaoendelea, kuna mahali pake pa awamu. Kama KRA imekuandikia tathmini ya ziada, nayo ina mahali pake. Faini na riba pia zina mahali pake. Pesa ukizitia kwenye aina isiyo yake hazipotei, lakini hukaa pembeni kama mgeni aliyekosea harusi, huku deni lako likiendelea kuhesabu miezi.

Kisha kipindi. Hapa ndipo palipomponza mteja wangu mmoja. Alilipa mwaka 2026 kwa ajili ya ritani ya 2025, akachagua 2026 kwa sababu ndio mwaka uliokuwa kwenye kalenda ukutani. Pesa zikaingia kwenye 2026, mwaka ambao hata hakuwa na deni, na 2025 ikabaki wazi. Kipindi ni mwaka wa mapato: kutoka 01/01/2025 hadi 31/12/2025. Ritani ikiwa imeshapokelewa, mara nyingi mfumo wenyewe hukuonyesha deni la kipindi hicho na kiasi chake. Kama haukuonyeshi chochote, jiulize kwanza kwa nini kabla ya kuandika kiasi kwa mkono.

Ongeza kwenye orodha, chagua njia ya kulipa, tuma. Utapata hati ya malipo yenye namba ndefu, PRN. Namba hiyo ndiyo kila kitu. Ndiyo inayoziambia pesa ziende kwa nani, kwa ushuru gani, kwa mwaka gani. Kwa M-Pesa, tumia namba ya malipo ya serikali 222222, na kwenye akaunti uandike PRN. Usiandike PIN yako, wala kitambulisho, wala jina la mtoto. M-Pesa haipokei zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo deni kubwa kuliko hapo lipeleke benki pamoja na hati yako. Hati ina tarehe ya kuisha. Ikipita, tengeneza nyingine, usilipie ya zamani.

Kuna benki moja niliwahi kuipelekea hati ya mteja, karani akaandika tarakimu moja ya PRN vibaya. Ilituchukua majuma matatu kurekebisha. Tangu siku hiyo, PRN naisoma kwa sauti na karani anairudia mbele yangu, hata akinikunjia uso.

Ukilipa kiasi kisichotosha, sheria inataka pesa zianze kufuta ushuru wenyewe, kisha ndipo faini na riba. Na kama una madeni ya miaka kadhaa, yaliyotangulia ndiyo hulipwa kwanza. Hili lina maana moja ya kufahamu: unaweza kudhani umelipa ya 2025, kumbe pesa zimemezwa na ya 2021 uliyokuwa umeisahau.

Sasa fungua leja

Baada ya siku chache rudi iTax, ufungue sehemu ya leja yako na uchague ushuru wa mapato. Utaona mistari: upande mmoja deni, upande wa pili malipo. Ritani inaweka mstari wa deni. PAYE iliyoletwa na mwajiri, ushuru wa zuio (ule anaoukata mteja wako kabla ya kukulipa), awamu na malipo yako vinaweka mistari upande wa pili. Chini kuna salio. Sufuri, umemaliza. Deni, bado. Malipo kuzidi deni, unadai wewe.

Angalia mwaka mmoja mmoja, usiangalie jumla tu. Nimeona leja yenye jumla sufuri lakini ndani yake 2025 inadaiwa 30,000 na 2026 ina ziada ya 30,000. Kwa macho ya mtu ni sawa. Kwa mfumo, deni la 2025 linaendelea kula riba kila mwezi.

Pesa zikiwa zimekaa kipindi kisicho chake, andika kwa ofisi ya KRA inayosimamia faili lako, ukiomba marekebisho ya leja. Weka PRN, risiti ya benki au ujumbe wa M-Pesa, picha ya leja inayoonyesha kosa, na sentensi mbili za kueleza pesa zilikuwa za nini. Sentensi mbili zinatosha. Barua ya kurasa tatu yenye malalamiko husomwa mwisho.

Mshauri anayekatwa ushuru wa zuio, asilimia 5 kwa mkaazi kwenye ada za kitaaluma, naye ana la kuangalia. Mteja wako akikata lakini asipeleke KRA, cheti cha makato hayo hakitaonekana kwenye iTax yako, na wewe utabaki na deni la pesa ulizokwisha katwa. Usingoje Juni. Kila unapolipwa ukiwa umekatwa, angalia kama cheti kimeingia. Kama hakijaingia, msumbue aliyekukata wakati bado ana sababu ya kupokea simu yako.

Leja chafu ina gharama nyingine pia. Ukiomba cheti cha utiifu wa ushuru, kile kinachotakiwa kwenye zabuni na kwenye nafasi nyingi za kazi serikalini, deni dogo tu la faini ya 2,000 ya mwaka wa zamani linaweza kukuzuilia. Cheti chenyewe hudumu mwaka mmoja.

Huna pesa za kulipa zote

Tuma ritani kwa wakati hata kama huna kitu mfukoni. Kuficha ritani kwa sababu ya uoga kunakuongezea faini ya pili juu ya ile ya kwanza.

Kisha omba mpango wa kulipa kwa awamu kupitia iTax. Utaandika kiasi unachoweza na kwa miezi mingapi, na KRA ikikubali utapata ratiba. Mambo mawili ambayo watu hawayasomi: kukubaliwa hakusimamishi riba, asilimia 1 inaendelea kwenye kilichobaki, na ukikosa awamu moja, deni lote lililobaki linadaiwa papo hapo. Kwa hiyo usijipangie kwa kujionyesha. Andika kiasi ambacho utakiweza hata mwezi wa karo za shule.

Wapo wanaongoja msamaha. Ni kweli ulikuwepo: wa Septemba 2023 hadi Juni 2024 kwa madeni ya hadi mwisho wa 2022, kisha mwingine uliomalizika 30 Juni 2025 kwa madeni ya hadi mwisho wa 2023. Waliolipa ushuru wenyewe ndani ya muda walifutiwa faini na riba. Lakini huwezi kupanga bajeti kwa msamaha ambao bunge halijaupitisha.

Ukinyamaza, KRA ina njia zake. Inaweza kuiandikia benki yako, mwajiri wako, au yeyote mwenye pesa zako, na kumwamuru azipeleke kwake. Inaweza pia kuzuia mali yako au kuomba usitoke nje ya nchi. Mara nyingi haifiki huko kwa deni dogo, lakini nimemwona mwenye duka akiamka asubuhi akakuta akaunti yake ya biashara haitoi hata ya kununulia mzigo.

Ukiwa unadai wewe

Watu wanaodai KRA ni wengi kuliko wanavyojua, na wengi wao ni waliopoteza kazi katikati ya mwaka. Tazama: mtu alikuwa na mshahara unaotozwa ushuru wa 100,000 kwa mwezi, akafanya kazi Januari hadi Juni kisha kampuni ikafunga. Kila mwezi alikatwa shilingi 22,383 na senti. Kwa miezi sita ni kama 134,300. Lakini kwa mwaka mzima amepata 600,000 tu. Ushuru wake: 28,800, na 25,000, na asilimia 30 ya 212,000 ambayo ni 63,600, jumla 117,400, toa nafuu ya mwaka, 88,600. Amelipa ziada ya takriban 45,700.

Mwajiri alimkata kana kwamba angepata 100,000 kila mwezi hadi Desemba. Miezi sita ya pili, ngazi za chini na nafuu zilikaa bila kutumika. Pesa hizo ni zake, na kwa mtu asiye na kazi ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Wengi hawazifuati kwa sababu hawatumi ritani kabisa, au wanatuma ile ya sufuri wakisema "sina kazi sasa", hali mwaka uliopita walikuwa nayo. Hiyo ritani ya sufuri ni kosa mara mbili: si ya kweli, na inakufutia dai lako.

Utaratibu ni huu. Tuma ritani kamili yenye P9. Salio litaonyesha kwamba umelipa zaidi. Kisha nenda sehemu ya marejesho kwenye iTax, jaza ombi, ambatisha P9 na hati nyingine, na uandike akaunti ya benki iliyo kwa jina lako. Una miaka mitano ya kudai, tangu siku ulipolipa. KRA inaweza kukagua kabla ya kulipa, na Sheria ya Fedha ya 2025 iliongeza muda wake wa kuamua kutoka siku 90 hadi 120, na zaidi kidogo ikiwa inakagua. Kama una deni jingine lolote, itakata humo kwanza. Ndiyo sababu nawaambia watu wasafishe leja kabla ya kuomba marejesho.

Subira inahitajika, na nakala ya kila kitu pia. Pale P9 inaposema umekatwa lakini mwajiri hakupeleka, dai lako litakwama. Hapo hati zako za mshahara za kila mwezi na taarifa ya benki ndizo zitakazokutetea.

KRA ikikuletea hesabu yake

Wakati mwingine deni halitoki kwenye ritani yako. KRA inalinganisha ulichosema na ilichosikia kwa wengine, mwajiri, waliokukata zuio, ankara za eTIMS (mfumo wake wa ankara za kielektroniki), kisha inakuandikia tathmini. Una siku 30 za kuipinga kwa maandishi kupitia iTax, ukisema wazi unapinga nini, kwa nini, na ukiambatisha ushahidi. Sehemu unayokubali lazima uilipe, au upange kuilipa, la sivyo pingamizi lako halihesabiwi. KRA ina siku 60 za kujibu. Ikizipitisha kimya, pingamizi limekubaliwa. Ikikukatalia, una siku 30 nyingine za kwenda Mahakama ya Rufaa za Ushuru.

Siku 30 za kwanza ndizo zinazowaangamiza watu, kwa sababu barua huja kwenye barua pepe ambayo saiba fulani iliwafungulia mwaka 2015 na hawajaifungua tena. Kabla ya lolote, badilisha barua pepe na namba ya simu kwenye iTax ziwe zile unazotumia leo.

Kwa mwaka unaofuata

Kama ushuru wako kwa mwaka unazidi shilingi 40,000 na haukatwi wote kwenye mshahara, unatakiwa kulipa kwa awamu nne, robo robo: 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba. Unaweza kukadiria mapato ya mwaka huo, au kuchukua asilimia 110 ya ushuru wa mwaka uliopita na kuugawa kwa nne. Njia ya pili ni rahisi zaidi na haina ubishi. Mkulima ana awamu mbili tu, asilimia 75 Septemba na 25 Desemba. Ukilipa hivyo, salio la Aprili inayofuata huwa dogo, au halipo.

Hati za kila malipo ziweke miaka mitano. Mimi huwaambia wateja wangu watumie bahasha moja kwa kila mwaka, mwaka wa mapato uandikwe kwa kalamu nene juu yake, na ndani viwemo P9, hati ya kupokelewa, PRN, na ujumbe wa M-Pesa uliochapishwa. Kisha katikati ya Julai, foleni ikishakwisha na iTax ikianza kupumua, ufungue leja mara moja tena kabla ya kuifunga bahasha.